Bwana Funika na Nyayo za Mlimani

Watoto wa mtaani kwake ndio waliombandika jina la Bwana Funika, naye akalikubali, maana kufunika ndiyo kazi iliyomla ujana wake. Kule mlimani, ndani ya hifadhi, kuna nyayo za watu wa kale zilizoganda kwenye mwamba. Ili mvua na mizizi visiziharibu, hufunikwa kwa maturubai, kisha mchanga humwagwa juu. Kila baada ya miaka michache hufunuliwa siku moja wataalamu wazikague, na familia za wafanyakazi huruhusiwa kupanda kuzitazama.

Maturubai hayo aliyashona mkewe, Mungu amlaze pema. Alikanyaga cherehani pale sebuleni kwa mguu mmoja, kwani nyonga ya pili iliharibika tangu uzazi wake wa kwanza. Sindano zilivunjika, vidole vikachubuka, naye akicheka tu. Alisema kuna watu wana bahati: wamelala miaka yote hiyo na bado wanashonewa mashuka mapya, wakati yeye aliye hai analalia lenye viraka.

Kila siku ya kufunua ilipokaribia, aliomba apelekwe. Alifika hata kulipiga pasi gauni lake la kanisani. Mumewe alimjibu yaleyale: njia ni mwinuko mtupu, mguu wake hautaweza, angoje safari ijayo. Basi alilirudisha gauni kabatini, wala hakununa.

Mwaka huu siku hiyo ilimkuta Bwana Funika akiwa mgane. Aliondoa mchanga, akakunja maturubai, na watu wakaanza kupanda. Miongoni mwao alikuwamo mama wa mpishi wa ofisini, bibi wa magongo mawili. Alipanda kidogokidogo, akiketi kwenye mawe kuvuta pumzi, akimgombeza mwanawe asimshike kama trei ya mayai. Akafika. Hakuna aliyemcheka, mkuu wa hifadhi mwenyewe alimletea kiti.

Bwana Funika aliyatazama yale magongo. Njia ile aliijua vizuri, na hakuwahi kuiogopa. Alichokiogopa ni macho ya wakubwa wake, wamwone akija na mke anayechechemea.

Bibi alizitazama nyayo kwa muda, kisha akapapasa turubai lililokunjwa kando yake.

"Mshono huu ni wa mtu mwenye subira. Nani fundi, mwanangu?"

"Mke wangu, mama. Tumemzika mwaka huu."

"Pole sana, baba. Mungu ampumzishe. Afadhali alizilinda nyayo hizi na akazifaidi kwa macho yake."

Angeweza kuitikia tu, yakaisha. Wenzake walikuwa wakisikiliza, na mkuu pia.

"Hakuziona," alisema. "Alitaka sana. Nilimwambia hatafika, lakini kusema kweli nilimwonea aibu. Kwa ajili ya mguu."

Bibi aliyasogeza magongo yake karibu, akayalaza mapajani.

"Mwombe Mungu msamaha, baba," alisema taratibu. "Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba ya mwenzangu."

Kisha akazigeukia tena nyayo. Bwana Funika alibaki amesimama palepale, kofia mkononi, na hakuna aliyemwita.