Wiki Sita za Mzee Verlon

Dottie alikuwa na mayai tumboni, na hakuwa na jani hata moja la kujificha. Baridi kali ya jalidi ya Januari iliikuta mimea yake barazani, ilikopelekwa ipate jua, ikaiua yote. Tangu hapo kinyonga huyo alikuwa akipanda na kushuka kwenye wavu mtupu wa banda lake, mwili mweusi kwa wasiwasi. Verlon Tackett, tarishi mstaafu wa mji wa Ocala, alijua maana yake. Jike asiyepata pa kujificha hatagi, na asipotaga hufa na mayai yake.

Dukani mimea ilikuwa tele. Lakini mmea wa duka hauingizwi bandani siku hiyo hiyo, na aliyewakaririsha watu hivyo ni Verlon mwenyewe. Miaka kumi alikihubiria chama cha wafuga vinyonga: osha, badilisha udongo, uache nje wiki sita sumu ya kuulia wadudu iishe. Aliyefanya haraka, Verlon alimsuta mbele za watu. Leo mwalimu huyo alikuwa na siku tatu, pengine nne, za kumwokoa Dottie.

Akanunua mmea hivyo hivyo. Aliosha jani moja moja kwa sabuni ya vyombo, juu na chini, akasuuza mara tatu. Akakung'uta udongo hadi mizizi ikabaki mitupu, akaokota chembe za mbolea kwa kibanio, akapanda upya na kufunika udongo kwa mawe makubwa. Kisha akakata majani mawili, akayatia koponi pamoja na nyenje sita. Ndivyo wafugaji wanavyopima, maana dawa iliyonywewa na mizizi haitoki kwa sabuni: nyenje hulitafuna jani, na kinyonga humla nyenje.

Asubuhi nyenje watano walikuwa chali. Wa sita alikuwa akirusharusha mguu.

Verlon alikaa sakafuni jikoni akalia, wala hakuona haya. Kisha akaanza kupiga simu, akiomba mmea safi kwa yeyote aliyenao.

"Kumbe wiki sita ni ndefu, mzee?" Buford, mweka hazina wa chama, alimcheka. Halafu akamhurumia. "Jaribu kwa Luanne Pruitt. Nasikia anao."

Luanne, mpishi wa shule, hakuwa ameonekana chamani tangu mwaka jana. Alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Nauleta."

Alifika akiwa ameukumbatia, majani yamesongamana. Waliuingiza pamoja. Dottie akapanda, akapotea humo ndani, na baada ya muda weusi ukaanza kumtoka.

"Mungu akubariki, Luanne," Verlon alisema. "Na kinyonga wako je? Atakaa wapi?"

"Wangu hayupo."

"Ulimuuza?"

"Alikuwa na mayai, kama huyu. Nilikupigia simu. Ukaniambia nisubiri wiki sita, na asiyeweza kusubiri afuge samaki." Alijipangusa udongo mikononi. "Nikasubiri, mmea huu ukiwa nje. Alikufa wiki ya tano."

Verlon aliufunga mlango wa banda polepole.

"Usiumwagie maji mengi," Luanne alisema, akachukua funguo za gari lake. "Mizizi yake huoza upesi."