Spika Ndefu na Mita Mbili za Uongo

Binti yetu wa mwisho alipoolewa nililia harusini kama mama yeyote mwenye adabu, na kesho yake asubuhi nikaingia chumbani kwake kuhamisha kitanda.

Mume wangu alitaka chumba hicho kiwe cha wageni. Nikamwambia mgeni wa nyumba hii atalala sebuleni, na asipopenda anajua stendi ilipo. Nilikuwa nimefundisha hisabati zaidi ya miaka thelathini, nikisikiliza madarasa mazima yakiimba jedwali la saba kwa kukosea. Niliona nimestahili chumba kimoja duniani cha kusikiliza ninachokitaka mimi.

Nilichokitaka kilikuwa ni mjomba wangu. Sisi ni Waislamu wa mjini Bukoba, lakini upande wa mama ni wakulima Wakatoliki, na huyo mjomba alikuwa hakosi misa wala hakosi lubisi, pombe ya ndizi. Alikuwa mkulima mbovu, mume wa wastani na mpigaji wa ajabu wa nanga, ala ya nyuzi ya Kihaya. Aliilaza mapajani, akazigusa nyuzi kwa vidole vilevile vilivyokataa kushika jembe, na watu wakaacha walichokuwa wanafanya. Nikiwa bado chuo cha ualimu nilimrekodi kwenye kaseti, kibarazani kwake. Baada ya yeye kufariki nikahamishia kaseti ile kwenye flashi. Nikimsikiliza kwenye simu alisikika kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

Ampu ya kukuza sauti nilikuwa nayo, zawadi ya kustaafu niliyojipa mwenyewe baada ya shule kunipa saa ya ukutani. Zilibaki spika, na nilitaka zile ndefu zinazosimama sakafuni zenyewe.

Tulianzia duka moja la Miembeni, mimi na mume wangu. Muuzaji alinitazama mara moja, kisha mazungumzo yote akayapeleka kwa mume wangu, ambaye maisha yake yote amekuwa dereva na hajui tofauti ya nanga na debe.

"Mzee, chukua sabufa hii," alisema. "Ina taa. Besi yake unaisikia mpaka kwenye figo."

"Figo zangu hazina shida," mume wangu akajibu. "Muulize mwalimu, ndiye mnunuzi."

Nikampa flashi. Mjomba akaanza kupiga ndani ya sabufa ile, taa zikawaka nyekundu na bluu, na nanga ikatoa sauti ya mtu anayehamisha makabati. Muuzaji akaongeza besi kwa ukarimu.

"Hapo sasa, mama!"

"Hapo sasa umemzika mara ya pili," nikasema, nikachomoa flashi yangu.

Wiki chache baadaye tukasikia kuna mzee Muleba, fundi redio mstaafu, aliyekuwa na jozi mbili za spika ndefu na anauza moja. Mume wangu aliazima pikapu ya mpwa wake, tukaondoka baada ya chai.

Mzee yule alitupokea vizuri. Sebule yake ilikuwa kubwa kama darasa, rozari imening'inia ukutani, na chini yake zimesimama jozi mbili za spika, zote zinanifikia kifuani. Jozi ya kwanza ilikuwa nene, mbao ya rangi ya kahawa iliyokaangwa, na besi zake pana kama sinia. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyeusi, besi zake ndogo kama visosi. Zilionekana kama mapadri wawili waliofunga Kwaresma kwa kuzidisha.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Kaeni. Mimi nauza jozi moja tu, nyingine nabaki nayo. Wewe chagua. Umekuja na muziki wako?"

Nikampa flashi. Akaanza na zile nene.

Mjomba aliingia sebuleni. Nilisikia ukucha wake ukigusa uzi kabla uzi haujalia. Nilisikia kiti kikilalamika chini yake. Halafu, katikati ya wimbo, mahali ambapo miaka yote nilidhani kuna mkwaruzo wa kaseti, nikasikia sauti ya mwanamke kutoka mbali, jikoni, ikisema kwa Kihaya kilichonyooka: "Huyo naye apige, apige tu. Ndizi zitajimenya."

Alikuwa ni mke wake. Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa mtandio, na si machozi yote yalikuwa ya kucheka. Mume wangu, ambaye Kihaya si chake, akaniuliza kama naumwa. Yule mzee, ambaye Kihaya ni chake na alikuwa amesikia kila neno, aliinamisha kichwa akitetemeka mabega.

"Waitu, jamani, huyo mama alikuwa na haki," akasema.

Kisha akabadili waya, akapiga wimbo uleule kwenye zile nyembamba. Zilikuwa nzuri. Lakini katika sebule ile kubwa zilionekana zina haya kidogo, kama mtu anayesalimia akiwa bado mlangoni. Mimi nilishalewa.

"Nachukua hizi nene."

Mzee hakuinuka. "Chumba chako kina ukubwa gani, mwalimu?"

Hapa ndipo naomba msomaji anihurumie. Chumba kile nilikijua vizuri. Kina mita tatu kwa mbili na nusu. Nilijua pia, kwa jinsi alivyouliza, kwamba jibu la kweli lingeninyima zile nene.

"Mita tano," nikasema. "Kwa nne na nusu."

Mume wangu akageuka kunitazama taratibu, jinsi dereva anavyoitazama taa ya mafuta ikiwaka. Mzee naye akanitazama kidogo, akasema, "Haya, kama ni tano kwa nne na nusu, zitakufaa."

Tulizipeleka nyumbani kwetu Hamugembe zimelala juu ya magodoro nyuma ya pikapu, na kabla hatujamaliza kuzishusha jirani mmoja alikuwa ameshauliza tunakodisha shilingi ngapi kwa sherehe.

Niliziweka chumbani. Zilipoingia hizo mbili, ampu na kiti changu, ilibidi mimi niingie kwa ubavu. Nikawasha, nikakaa, nikafumba macho kumngoja mjomba.

Ilikuja ngurumo. Kila uzi mnene wa nanga ulivimba, ukagonga ukuta, ukarudi, ukakutana na mwenzake njiani wakapigana. Kioo cha dirisha kikatetemeka. Mke wa mjomba hakusikika kabisa. Nadhani hata yeye aliona aondoke.

Nikasema labda zipo karibu mno na ukuta. Nikazivuta mbele, mpaka magoti yangu yakawa yanazigusa kama tuko kwenye kikao cha usuluhishi. Ngurumo ikapungua kidogo, lakini mjomba sasa alikuwa anapigia ndani ya sikio langu la kushoto peke yake. Nikaegemeza godoro la binti yetu ukutani. Nikatundika blanketi mbili. Chumba kikafanana na stoo ya hospitali. Mwisho nikakumbuka kusikia kwamba tundu la nyuma la spika, lile linalopumulia besi, linaweza kuzibwa kwa kitambaa. Nikalizibia soksi.

"Mwalimu," mume wangu aliita kutoka chumba cha pili, "soksi zangu ziko wapi?"

"Zina kazi."

"Jozi zote nne?"

"Besi ni nyingi, mzee."

Niliendelea hivyo karibu wiki mbili. Nilikuwa nasema mbele ya watu kwamba spika zinahitaji muda kuzoea nyumba. Ukweli ni kwamba niliacha kuingia mle. Nilikuwa napita mlangoni haraka kama mtu anayemkwepa aliyemkosea.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mume wangu aliingia chumbani kwangu na futi. Nikamsikia akihangaika kati ya spika na godoro, akijigonga na kulaani kwa sauti ya chini. Akatoka, akaandika kitu nyuma ya karatasi ya dawa, akaiweka mezani mbele yangu. Iliandikwa: *3 kwa 2.5*.

"Sahihisha hii, mwalimu," akasema. "Mimi hesabu zinanichanganya."

Nilikasirika kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikamwambia akaazime tena pikapu.

Njia nzima kwenda Muleba nilitunga maelezo. Kwamba tumejenga ukuta, kwamba tumepunguza chumba kwa sababu ya unyevu. Tulipofika mzee alikuwa uani akianika maharage. Aliona mizigo nyuma ya gari, akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Kina ukubwa gani?" akauliza.

"Tatu kwa mbili na nusu."

"Kila anayekuja hapa chumba chake huwa kikubwa," akasema. "Lakini wewe uliongeza mita mbili sawasawa, huku na huku. Kumbe hata uongo wako una utaratibu."

"Sasa ulijua na ukaniachia?"

"Ningekukatalia ungeniamini?"

Kweli nisingemwamini. Tulibadilishana pale pale, tofauti ya bei akanirudishia bila mimi kuitaja. Wakati wa kuziingiza zile nene sebuleni kwake aliweka kiganja juu ya mojawapo akakiri kwamba tangu ziondoke alikuwa hapigi muziki. "Nilikuombea uchague hizo nyingine," akasema. "Rozari nzima."

Zile nyembamba zilisimama chumbani kwangu bila kumbana mtu. Niliacha blanketi moja ukutani, godoro nikalitoa, soksi zikarudi kwa mwenyewe zikiwa safi kuliko zilivyoondoka. Mjomba alikaa katikati, hatua mbili mbele yangu, nanga yake ina ukubwa wa nanga. Na kule nyuma mke wake akalalamika wazi kabisa kuhusu ndizi. Nilimrudisha alalamike mara tatu.

Mara ya tatu mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi ambayo hakuwa na kazi nayo. Nikasogea. Kiti ni kimoja, akakaa sakafuni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hizi zinashika redio pia?"

"Zinashika."

"Hata mpira?"

Ndivyo nilivyopoteza Jumamosi zangu. Mechi ya kwanza tuliyoisikiliza mle, mtangazaji alikuwa anameza mate tunayasikia. Timu ya mume wangu ilifungwa mabao matatu, na zile spika, kwa uaminifu wake, hazikumficha hata moja.