Agathe na Kadi za Basi

Kwanza niseme wazi kwamba Agathe ananikera. Anaishi ghorofa ya juu yangu hapa Peckham, London, na kila alfajiri nasikia viatu vyake vikivuka dari yangu anapokwenda kuwaogesha wazee wa Kiingereza majumbani mwao. Kiswahili chake cha Uvira, kule Kongo, kinaniumiza masikio, mimi niliyezaliwa Chake Chake. Kwake watu ni "batu" na basi ni "bisi". Nikimsahihisha anacheka, ananiambia Kiswahili chetu cha Pemba kimevaa tai. Pamoja na hayo yote, hakuna mtu katika majengo haya ninayemheshimu kama yeye, na nitaeleza kwa nini.

Ilikuwa Mei 2024, siku ya kumchagua meya wa London. Sheria ilikuwa imebadilika. Sasa hupewi karatasi ya kura mpaka uonyeshe kitambulisho chenye picha yako. Serikali ilitangaza, sikatai, lakini ilitangaza kwa wale ambao tayari wanaisikiliza. Agathe alikuwa ametoka zamu na sare yake bado mwilini, mimi nikiwa nyuma yake kwenye foleni, na mbele yetu alisimama Mzee Albert, muumini wa kanisa lao, mtu wa Bukavu. Alivaa suti ya kijivu na viatu alivyovisugua mpaka vikang'aa. Alikuwa amepata uraia baada ya kusubiri miaka mingi sana, na hii ndiyo ilikuwa kura yake ya kwanza Uingereza.

Mkononi alishika kadi ambayo manispaa humtumia kila mpiga kura kwa posta kumwambia kituo chake kiko wapi. Ni kipande cha karatasi tu, wengi wetu tunakitupa. Yeye alikuwa amekipeleka duka moja la Rye Lane kikatiwa plastiki kisikunjike.

Msomaji asimcheke. Kule Kongo kadi ya kura ndiyo kitambulisho. Huna hiyo, huna jina. Albert alipata yake mwaka 2006, nchi ilipopiga kura baada ya miaka arobaini ya kunyimwa. Ilikuwa na picha yake. Aliionyesha benki, aliionyesha kwa wanajeshi kwenye vizuizi vya barabarani, na vita vilipomfukuza hadi London, ndiyo karatasi pekee iliyoeleza yeye ni nani mbele ya maofisa wa hifadhi ya wakimbizi. Kwa hiyo alipoletewa kadi ya kura yenye jina lake, nyumbani kwake mwenyewe, kwa posta, aliamini kwamba nchi hii nayo imemkubali kabisa.

Msimamizi mezani alikuwa msichana mpole. Aliomba kitambulisho chenye picha. Albert akamsogezea kadi yake yenye plastiki. Msichana akasema samahani, hii haitoshi, una kingine? Albert akaisukuma tena mbele, taratibu, kana kwamba msichana hakuiona vizuri. Msichana akarudia samahani yake. Foleni ikaanza kukohoa. Mzee akairudisha kadi mfukoni, akageuka na kutoka nje bila kumtazama mtu yeyote.

Agathe akaacha foleni akamfuata, nami nikamfuata Agathe.

"Papa Albert, ngoja!" alimwita. "Banasema nini?"

"Banasema haiko na foto. Iko na jina yangu, iko na adresi yangu. Banatafuta nini tena kwangu?"

"Twende nyumbani tuchukue paspoti, kiisha turudi."

"Sina paspoti. Nitaenda wapi mi na paspoti?"

Akaondoka. Agathe alirudi ndani akapiga kura yake. Mimi nilipiga yangu nikiwa na hasira ya kutosha kuitoboa karatasi.

Jumapili iliyofuata Agathe na mzee walipanda basi moja kwenda kanisani. Albert akagusisha kadi yake pale kwa dereva, kadi ya bure ya basi wanayopewa wazee wa London, na Agathe akaona uso wa mzee umechapwa juu yake. Katika siku zile alikuwa ameshazisoma kanuni zote za vitambulisho, maana yeye akikasirika husoma. Kadi ya basi ya wazee inakubaliwa. Albert alikuwa nayo siku ile, kwenye mfuko uleule wa koti.

Hapo Agathe alikosea, na yeye mwenyewe hafichi. Alishindwa kuzuia mdomo. "Papa, ile karte ya bisi ingetosha!" alisema kwa sauti, basi zima lenye waumini likasikia. Wengine wakacheka, kwa upendo, lakini walicheka. Albert akatazama dirishani hadi kituo cha kanisa. Walipokuwa wakishuka alimwambia, "Kumbe nilikuwa mjinga mbele ya batu. Kule kwa kura sirudi tena." Na Albert si mtu wa kusema jambo halafu kulibadili.

Baadaye mwezi huohuo ukatangazwa uchaguzi wa wabunge, ufanyike Julai. Ndipo Agathe alipoanza kazi yake. Hakuna aliyemtuma, hana chama wala cheo. Kila Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama na sahani zao za wali na sombe, yaani kisamvu, alipita kati yao akisema, "Onyesha karte yako ya bisi." Mwenye kadi ya wazee alimwambia ailete siku ya kura. Asiye nayo alimuuliza paspoti, leseni ya udereva, kibali cha ukaazi. Asiye na chochote alimsaidia kuomba cheti cha bure cha manispaa chenye picha, ambacho ni cha kupigia kura tu. Aliingia saluni, akawasemesha wanawake wakiwa wamesukwa nusu kichwa, wasioweza kukimbia.

Binti yake Miradie, mzaliwa wa hapahapa, alileta kadi yake ya basi ya wanafunzi kwa majivuno. Haikubaliwi. Ya wazee sawa, ya vijana hapana.

"Mum, that's not fair," alilalamika Miradie, kwamba si haki.

"Najua. Simama pale kwa ukuta, usicheke," mama yake akamjibu, akampiga picha ya kuombea cheti papo hapo jikoni.

Nilimtania sana. Nilimuuliza ngazini kama siku hizi yeye ndiye tume ya uchaguzi. Nilimuuliza pia anawaambia watu wamchague nani. Hapo hakucheka.

"Papa Talib, kura ya mutu ni kama mswaki yake," alisema. "Mi sishike, sitake hata kuiona."

Alishika neno hilo. Mama mmoja kanisani alimbembeleza amtajie tu chama kizuri, Agathe akambadilishia mazungumzo kwenye bei ya mihogo. Na haya yote aliyafanya baada ya kuinua wazee kutoka vitandani siku nzima, kwa mgongo ambao daktari ameshamwonya juu yake. Nimeishi na watu wenye shahada wasiofanya robo ya hayo, nikiwemo mimi.

Lakini Albert alibaki palepale. Agathe akipita karibu naye na maswali yake ya kadi, mzee alijishughulisha na sahani. Agathe hakumsukuma tena. Aliniambia kazini amejifunza kwamba mzee aliyekataa kuoga humwambii aoge. Unamwomba akusaidie jambo.

Siku ya kura, mchana, alibisha mlangoni kwa Albert, nami nikiwa naye kwa sababu alinivuta.

"Papa, naenda kupiga kura. Unisindikize."

Mzee aliombwa kumsindikiza mwanamke kwenye shughuli ya serikali. Kwao, na kwetu pia, hilo halikataliwi. Alijua fika anachofanyiwa. Alitutazama wote wawili kwa zamu, kisha akaenda kuvaa ile suti ya kijivu.

"Mpaka kwa mlango," alisema. "Ndani siingie."

Tulipanda basi, Albert akagusisha kadi yake, tukashuka vituo vitatu mbele. Kituo cha kura kilikuwa ukumbi wa shule. Mlangoni mzee akasimama, akaegemea ukuta mfupi wa matofali. "Nendeni," akasema. Agathe akaketi ukutani kando yake.

"Mbona hauingie?" mzee akamuuliza.

"Nitakungojea wewe."

"Mi nimekwambia siingie."

"Basi tukae."

Tukakaa. Watu waliingia na kutoka, wengine na mbwa, wengine na vigari vya watoto. Mimi sina subira hiyo. Kwetu Pemba kuna watu waliozikwa kwa sababu ya kura, na jambo hili nikiligusa hunipanda kichwani. "Mzee Albert," nikaanza, "watu wamekufa kwa ajili ya kipande hiki cha karatasi, na wewe unashindwa na haya ya dakika moja?"

"Papa Talib, nyamaza," alisema Agathe, bila hata kunigeukia. Nikanyamaza.

Kisha akamuuliza mzee, kwa sauti ya chini, "Papa, mi nilitoka Kongo mbele ya kura kurudi kule. Sijatiwa wino kwa kidole hata siku moja. Wewe ulitiwa. Ilikuwa namna gani?"

Albert akaanza kusimulia. Foleni ilizunguka shule nzima, alisema, na wanawake walileta viti na watoto. Yeye na mkewe, marehemu sasa, walisimama tangu alfajiri. Alipomaliza kupiga kura alichovya dole gumba kwenye wino usiotoka, mkewe naye akachovya lake, wakarudi nyumbani wamevinyanyua vidole juu kama wendawazimu. Mkewe alipika jioni ile kwa mkono mmoja, eti wino usifutike. Akacheka alipofika hapo, na macho yake yakalowa, na yangu pia, nisifiche.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi ya basi, akaitazama picha yake kwa makini. "Iko mi huyu," alisema. Akasimama, akanyoosha koti, akaingia ndani mbele yetu.

Msimamizi wa siku ile alikuwa kijana mwenye ndevu. Aliipokea kadi ya basi, akatazama picha, akamtazama mzee, akalitafuta jina, akampa karatasi na neno la asante. Basi. Miezi miwili ya aibu ilikwisha kwa muda wa kupiga chafya. Albert alikaa sana kwenye kibanda. Alipotumbukiza kura kwenye sanduku hakuondoka. Alirudi mezani, akamnyooshea kijana dole gumba la kushoto, akasubiri.

Kijana hakuelewa. Alitabasamu, akatutazama sisi. Agathe alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Huku habatie wino, Papa," alisema.

Mzee akautazama mkono wake mtupu, akaurudisha mfukoni. Tukapiga zetu, tukatoka.

Nje, palepale kwenye ukuta, Agathe akafungua mkoba akatoa kalamu ya buluu anayotumia kazini. Akamshika mzee mkono, kama anavyowashika wazee wake wa kila siku, akampaka dole gumba wino kutoka ncha hadi chini ya ukucha, polepole, bila kuruka mahali. Albert akaliinua juani, akaligeuza huku na huku.

Kisha akaichukua kalamu mkononi mwa Agathe.

"Leta na yako," alisema.