Buu la Mgongoni

Mtaani walimwita Mama Nzi, na jina likamganda. Kazi yake ilikuwa kutambua aina za nzi, kwenye maabara ya chumba kimoja iliyonuka spiriti na nyama iliyovunda. Watu walidhani ameshazoea. Wapi! Kila akifunua chupa ya mabuu, tumbo lilimchafuka kama siku ya kwanza.

Safari hii buu lilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Kule porini alikokwenda kukusanya nzi, taulo lake lilianikwa chini likiwa bichi, nzi akataga humo. Jipu likavimba, likatoboka, na kwenye tundu kitu cheupe kikawa kinachungulia kuvuta pumzi. Alikitazama kwa lenzi akashtuka: hakikufanana na buu lolote alilolijua. Lakini buu halitoshi kumtambua nzi. Lazima linenepe, litoke lenyewe, ligeuke nzi kamili. Kwa hiyo angelilisha, na chakula kilikuwa nyama yake.

Mumewe, kinyozi anayenawa mikono mpaka ichubuke, alisikia hayo akasukuma sahani. Alisema hawezi kulala na mtu anayefuga wadudu mwilini, akahamia kwenye kochi. Mama Nzi hakumlaumu. Buu lilipojipindua ndani ya nyama yake, alikimbilia chooni kutapika. Alijionea kinyaa, na bado hakuligusa.

Asubuhi moja aliamka mkono ukiwa umepakwa mafuta ya mgando. Buu lilikuwa limekosa hewa, limekufa tunduni, laini na lenye majimaji. Mumewe alijitetea kwamba amechoka kumsikia akitapika. Mama Nzi alilia kwa hasira, akamnunia.

Ukimya huo aliuvunja mume mwenyewe. Alikuja amevua shati.

"Mama, hebu nitazame hapa mgongoni. Panawasha."

Kumbe na yeye alijifutia taulo lile lile lililotoka porini. Mama Nzi akachukua lenzi. Matundu ya kupumulia ya buu lililokuwamo yalikuwa kama ya lile la kwanza. Aliyatazama mara ya pili, na mumewe akaelewa.

"Ndilo?"

"Ndilo. Mafuta yapo kabatini, ukitaka."

Kinyozi alisawijika uso. "Liache. Lako nililiua mimi."

Moyo wa Mama Nzi ulijaa furaha na upendo, akanyoosha mkono amkumbatie. Hapo ngozi ya mgongo ule ikatikisika, kitu kikajipindua chini yake, na matapishi yakampanda kooni.

Jioni hiyo Mama Nzi alichukua mto wake, akamwachia mumewe kitanda, akahamia kwenye kochi.