Matanga ya Kimya

Majuzi, ndugu yangu, niliitwa Westville kuwaeleza wanafunzi habari za haki za binadamu. Kijana mmoja akaniuliza nilisomea wapi kazi hii. Nikamtajia chuo, akaridhika. Wewe nitakwambia zaidi: nilianzia South Beach, mtaa wa wageni kando ya bahari, ghorofani, katika chumba tulichogawana na watu wengine kwa pazia.

Upande wetu tulikuwa mimi, baba, na mama yake baba, tuliyemwita Koko. Upande wa pili alikaa fundi simu na mkewe, Wakongo wenzetu. Kazi yangu ilikuwa kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kinu tulikitandikia blanketi ili watu wa chini wasisikie. Ikishaiva kwa mawese, jirani huita kutoka nyuma ya pazia, "Koko, leo iko nini huko?" Naye Koko, "Iko chakula cha wenye adabu!" Kisha ananituma nimpelekee sahani iliyojaa.

Mwaka mmoja vijana wenye marungu waliingia mitaani kuwasaka wageni wa nchi nyingine. Jirani yetu fundi simu walimkuta kibandani kwake, ameinamia simu ya mtu. Walimpiga mpaka akafa.

Kwetu mtu akifa analiliwa. Akina mama wanakaa chini, wanamwita marehemu kwa jina, wanamgombeza kwa nini ameondoka, mtaa mzima unasikia. Ndiyo matanga. Lakini wanaume wa jengo walikutana kwenye ngazi wakaamua: hakuna kulia. Wale vijana wakisikia kilio cha Kiswahili watajua tunakaa wapi. Wakafungulia televisheni kwa sauti kubwa, mpira, na mjane akapewa mto auume. Naapa, ule mto ninauchukia hadi leo.

Koko alivumilia mpaka mchana. Halafu akainuka. "Hata mbuzi akichinjwa, wenzake wanalia. Huyu hakuwa hata mbuzi?"

"Mama, utatuua," baba akamwambia.

Akafungua dirisha, akalia. Aliita jina la jirani, la mama yake, la kijiji chao. Mjane akautupa mto, akalia naye, weee, akalia mpaka akakauka sauti. Chini robot, taa ya barabarani, ikageuka kijani, taksi zikaenda zake. Hakuna aliyepanda kutuua, wala hakuna aliyepanda kutupa pole. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba akatufukuza sote kwa sababu ya kelele.

"Umetuponza," baba alimwambia tukifunga mizigo.

"Sharp," Koko akajibu. Lilikuwa neno la hapa, yaani "sawa", alilolipenda kuliko yote.

Nilimtazama nikajua ninataka kuwa mtu wa namna ile. Nimeifanya kazi hii tangu ujana, na wale waliomuua jirani hawajawahi kuulizwa na mtu.

Mwaka huu Koko alifariki. Matanga tuliyakalia kwangu, Morningside, mtaa wa wenye nafasi, madirisha wazi. Wanangu waliinamia simu zao. Dada zangu, watoto wa shangazi, walipangusa machozi kwa tishu, polepole, wasiharibu vipodozi. Nikakaa chini sakafuni, nikavuta pumzi nimwite kwa jina lake. Nikaliona dirisha la jirani wa huku, taa inawaka, nikaishusha pumzi bila kumwita. Mimi, ninayezunguka nikiwahimiza watu wapaze sauti!

Koko tulimzika bila kumlilia, na safari hii hakuna aliyetukataza.