Namba Moja kwenye Orodha

Mama Vidole aliingia katika mji asioujua akiwa amebadilisha magari mara tatu, miguu imemvimba ndani ya viatu. Jina hilo alibandikwa na wazazi wa watoto viziwi kumi na mmoja, aliowafundisha kwa mikono katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Sasa wizara ilitaka kulivunja darasa lake, watoto wakasongamane na wenzao wanaosikia, sitini kwa mwalimu mmoja asiyejua hata ishara ya maji. Leo walimu walikuwa wameitwa kutoa maoni. Yeye aliahidiwa dakika tatu, na njia nzima alizifanyia mazoezi akitazama saa ya mkononi.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na meza, kalamu na karatasi. Mwalimu haambiwi asaini. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuliruka daftari la mahudhurio. Wenzake walimtania kwamba hata kaburini atauliza kalamu iko wapi. Akasaini wa kwanza, kwa mwandiko wa ubaoni.

Waziri alifika saa sita, akahutubia mpaka saa nane. Kisha karani wake akainua kitabu cha mpango huo, kilichokwishachapwa, nyuma kimebanwa zile karatasi za mlangoni.

"Walimu mia moja na wanne wameafiki!"

Makofi.

Mama Vidole akamfuata karani nyuma ya jukwaa. "Mwanangu, mimi sijasema neno."

"Umesaini, mama. Tena namba moja!"

"Nilisaini kwamba nimekuja."

"Sasa anayepinga si angebaki kwake?"

"Basi nifute."

Karani akaangua kicheko, akamwita dereva naye asikie. "Mwalimu anataka kufutafuta orodha! Shuleni kwako unaruhusu hayo?"

Hakuruhusu. Aliwahi kumshtaki mwalimu mwenzake kwa kosa hilohilo, mwenzake akafukuzwa kazi.

"Na dakika zangu tatu?"

"Zimekwenda na maji. Waziri anawahi ndege."

Simu ikatetemeka mkobani. Picha ya orodha ilikuwa imeshafika kwenye kundi la wazazi, jina lake limezungushiwa wino mwekundu. Chini yake, mama wa mtoto mdogo kuliko wote alikuwa ameandika neno moja: "Kikulacho."

Akaelekea nje, machozi yamemjaa. Mlinzi akamzuia na kitabu chake.

"Saini kutoka, mama."

Mkono ukaichukua kalamu kabla hajaukataza. Akasaini vizuri, akaandika na saa, akashuka ngazi. Mlinzi akabaki anautazama ule mwandiko, akausifu.