Rangi Ishirini na Sita za Mama Kulthumu

Saa tatu asubuhi Mama Katungu, muuza unga na maharage kwa jumla, anaketi kwenye kiti cha plastiki, anavua pete zake tatu na kuzitia ndani ya pochi. Kisha, badala ya kutaja rangi anayoitaka, ananyoosha kidole na kubonyeza G.

Taipureta kuukuu iliyo mezani inalia tak. Mkono mdogo wa chuma unaruka, unagonga hewa, unarudi kulala. Karatasi haimo wala utepe wa wino. Kilichobaki ni rangi: kila kitufe kimepakwa rangi yake ya kucha, na mteja akishabonyeza, ameagiza.

"G iko ya ba bibi harusi," anasema fundi, Kulthumu Asumani. "Weye uko na bajukuu sita, mama."

"Bajukuu habaangalie kucha. Banaangalia kama mukono iko na bonbon ya sukari."

"Na muzee ku nyumba?"

"Ule njo haangalie kitu. Paka tu G, pengine ataamuka."

Kulthumu anacheka mpaka tupa ya kucha inamponyoka. Ana miaka hamsini na tisa, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na vidole virefu ambavyo wateja huvikagua kwanza kabla ya kumkabidhi vyao. Baraza lake liko katika mtaa wa Kenya, jina linalowachanganya wageni wote wa Lubumbashi, na wenyeji wameshachoka kulieleza.

Baraza lenyewe si lake. Mwenye nyumba analitaka ifikapo mwisho wa mwezi, apate pa kuuzia simu. Zimebaki siku tisa. Kulthumu anahitaji chumba, na si kwa wateja tu: wanawake wanne wanamsubiri awafundishe kazi.

Chumba anakijua kilipo. Kiko mbele ya nyumba ya Madame Annie, mteja wake wa kila Alhamisi, na hakikaliwi na mtu. Leo ni Alhamisi. Kulthumu amepanga kumwomba, na si ombi jepesi, maana Madame Annie ndiye aliyemtoa kazini mwaka 1993. Kosa lilikuwa hizihizi kucha.

*

Alipoajiriwa mwaka 1987, binti wa miaka ishirini na mmoja, kupiga chapa katika ofisi ya kampuni kubwa ya shaba kulikuwa zaidi ya kazi. Kulikuwa na king'ora cha asubuhi, gunia la unga la kila mwezi, na nyumba ya matofali yenye mpera nyuma.

"King'ora ikilia, muji yote inasimama," anakumbuka. "Hata kuku ilikuwa inajua saa."

Moshi wa bomba la kiwanda ulidondosha masizi kwenye nguo zilizoanikwa, na wanawake wa kambi ya wafanyakazi waliulaani kila siku. Halafu mambo yakaanza kuharibika. Mgodi mmoja uliporomoka, mashine zikakosa vipuri, mwaka 1991 maduka yakaporwa, watu wakaanza kufukuzana mjini kwa makabila yao. Siku moja Kulthumu alianua shuka jeupe, akaliona halina hata doa.

"Nililia," anasema. "Muntu analia juu ya shuka safi! Lakini moshi ilikuwa imekufa, na siye tulijua."

Ofisini walibaki wapiga chapa sita, ambao kule huitwa daktilo, mashine sita, na karatasi za kuhesabu. Mshahara ulikuwa haujaonekana kwa miezi mitano. Hata hivyo mkuu wao, Madame Annie, hakulegeza hata kidogo. Kila Jumatatu alipita kati ya meza na rula ya mti, akipima kucha. Ukucha uliovuka ncha ya kidole ulikatwa palepale kwa mkasi wa karatasi.

"Kucha refu inagonga herufi mbili," alikuwa akisema. "Na daktilo haangalie mashini. Macho ku barua, vidole ku kazi."

Hapakuwa na barua. Madame Annie aliwaamuru wapige hivyohivyo, bila karatasi, ili wakubwa wa ghorofa ya juu wasikie kwamba ofisi ingali hai. Kwa hiyo kuanzia saa mbili hadi saa tisa wanawake sita walipiga chapa hewani. Kulthumu anakiri kwamba alipiga orodha ya mapishi, majina ya wajomba zake, na siku moja barua ndefu ya kumtukana gavana.

"Barua muzuri kabisa," anasema. "Haikusomwa."

Kuchoka huko ndiko kulikomfungulia njia. Bibi yake, mtu wa Kasongo kule Maniema, alikuwa akipaka maharusi hina, na alimfundisha mjukuu kulainisha ngozi ya ukucha kwa mafuta na kusafisha bila kuumiza. Kulthumu akaanza kuwatengeneza wenzake kucha chini ya meza: fupi kwa ajili ya rula, lakini safi, na rangi kidogo Ijumaa jioni, itakayofutwa Jumapili. Walimlipa vikombe vya unga. Kufikia mwaka 1993 unga wa chini ya meza ulikuwa umezidi ule wa kampuni.

*

Kisha ikaja habari kwamba wageni wanatoka Kinshasa kukagua ofisi. Madame Annie aliziangalia mashine, zimejaa vumbi na mafuta ya vidole. Spiriti ya kusafishia ilikuwa imekwisha zamani.

"Kulthumu, tafuta dawa," aliagiza, akaenda nyumbani.

Dawa Kulthumu alikuwa nayo mkobani: asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Alijifungia na pamba, akasugua mashine zote sita kwa moyo wa mtu aliyekumbuka kazi ni nini. Alipofika ya mwisho alitazama ile pamba. Ilikuwa nyeusi kwa herufi. Vitufe vyote vilikuwa vimebaki vipara.

Yeye asingeshindwa kupiga, wala Madame Annie. Lakini Ngosa, mmoja wa wale sita, aliyeingizwa kazini na mjomba wake, alitafuta kila herufi kama mtu anayechambua mchele. Ikabidi Kulthumu achukue chupa zake tisa na kuanza kupaka, kila herufi na alama yake: A nyekundu, Z waridi, E zambarau. Rangi zilipokwisha, alirudia na kuongeza vitone. Wageni walifika saa nne, wakawakuta wanawake sita wakipiga chapa juu ya vitufe vya rangi tisa.

"Mukubwa mumoja aliuliza kama ni methode mupya ya Ulaya," Kulthumu anasimulia. "Ngosa akamujibu: ndiyo, bwana, ya Ubelgiji."

Wageni walisifu, wakaondoka. Madame Annie hakusifu. Alizipanga zile chupa tisa mezani kwa mstari ulionyooka.

"Ofisi yangu haiko salon. Siku ya kwanza ya juma, utakuya bila chupa, ao usikuye."

Hapo ndipo uzito ulipokuwa. Mume wa Kulthumu, Idrissa, alikuwa fundi cherehani asiye na mwajiri. Nyumba ilikuwa ya kazi ya Kulthumu. Akiacha kazi, wanatoka na watoto wawili. Usiku ule alimwuliza Idrissa la kufanya, na Idrissa, aliyekuwa akishona kifungo, hakuinua uso.

"Nyumba iko ya vidole byako. Uliza byenyewe."

Jumatatu hakwenda. Walipewa siku thelathini, wakahamia chumba kimoja mtaani Kenya. Mapera aliyaacha mtini yakiwa mabichi. Miaka mingi baadaye waliovumilia waliruhusiwa kuzinunua nyumba zile kwa bei ya kutupa, na mpaka leo Kulthumu akipita kule huzunguka kwa njia ya mbali.

"Siyutie kazi," anasema. "Ninayutia ule muti."

Alitembea na beseni na kigoda, soko hadi soko, katika miaka ambayo pesa ilibadilishwa jina mara mbili. Siku askari wa waasi walipoingia mjini mwaka 1997 alikuwa kwa bibi harusi mmoja, mkono wa kulia umekamilika, wa kushoto bado. Risasi zikalia, wote wakaingia chini ya kitanda, na chupa ikamwagika. Ndoa ilifungwa baada ya siku tatu, bibi harusi akiwa na mkono mmoja mwekundu. Mwezi uliofuata wasichana watatu walimjia wakitaka mtindo huohuo.

Ofisi ilipofungwa kabisa, vifaa vyake viliuzwa uani kama takataka. Kulthumu alikwenda kuangalia tu. Akaiona mashine yake, rangi zimebambuka lakini A ingali nyekundu. Aliinunua kwa bei ya kuku wawili, akaibeba kichwani, na baada ya muda akapata rangi za kutosha herufi zote ishirini na sita.

Leo anahudumia wateja watano au sita kwa siku. Wa dini yake, kwa ajili ya udhu, huwapaka hina au huwang'arisha kucha bila rangi. "Mungu hakukataza kung'aa," huwaambia.

*

Saa tano na nusu Madame Annie anafika, mgongo umenyooka, pochi kifuani. Anakuja kwa sababu mikono yake inatetemeka. Yeye aliyekata kucha za ofisi nzima hawezi tena kukata zake. Miaka mitatu sasa huagiza neno lilelile, "fupi", na hajawahi kuigusa taipureta, wala kuitaja.

Kulthumu anaosha, anakata, anapiga tupa. Anafika kidole cha saba.

"Madame, niko na neno."

"Sema. Vidole byangu biko kwako, siwezi kukimbia."

Anasema yote: mwenye baraza, siku tisa, wanawake wanne, chumba cha mbele. Madame Annie anatazama barabara. Baiskeli ya makaa inapita, kisha nyingine.

"Ile chumba iko kimya sana," anasema hatimaye. "Inanichokesha. Bale banafunzi banakuya saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili kasoro kumi. Na kucha fupi."

"Madame! Ni masomo ya kucha!"

"Ba client bafanye benye banapenda. Banafunzi, fupi. Rula ningali nayo."

Kulthumu anainama juu ya kidole cha nane zaidi kuliko inavyohitajika. Masomo yataanza tarehe mosi: miezi mitatu, viti vinne, na mashine itakaa dirishani ionekane kutoka njiani. Ngosa, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu kumi, ameshaomba kuwa wa tano.

Kazi inakwisha. Madame Annie hainuki. Macho yake bado yako barabarani wakati mkono wa kushoto unaponyooka taratibu juu ya meza, ukitetemeka, mpaka kidole cha shahada kinapokaa mahali pake pa zamani na kubonyeza.

Tak.

Kulthumu anaangalia kitufe. Ni R. Anachukua chupa ya rangi ya shaba na kuanza kuitikisa.